Manuva ya Kasuba

Kasuba hakuwahi kujua sawasawa maana ya neno lile. Mama Chola, kocha wao wa netiboli pale Nkana, alilitoa kwa mumewe, dereva wa garimoshi la mgodini, akalifanya lake. Ukimpita mpinzani pasipo na upenyo, manuva. Kuku mmoja akiwatosha wageni wa ukumbi mzima, manuva. Kiingereza chake kiliishia hapo, na kilimtosha.

Siku ya fainali na Mufulira, Kasuba alikabwa na Namwinga, mwanamke mrefu kama mlingoti, aliyemganda kama kupe. Mchezo ukielekea kwisha, timu zikiwa sare, Mama Chola akapaza sauti: "Manuva, Kasuba! Manuva, mwanangu!"

Kasuba, hoi bin taabani, akaropoka lililomjia: "We dada, mumeo yule pale na mwanamke!"

Namwinga akageuka. Kasuba akachoropoka, akadaka mpira, akafunga. Vigelegele vikarindima, na wimbo wa kuwasuta Mufulira ukaanza. Kwa furaha, hakuona jinsi Namwinga alivyobaki amesimama, macho kwa watazamaji.

Miaka ikapita. Mgodi ukapunguza watu, uwanja ukaota nyasi, Mama Chola akazeeka, akafa. Msibani, wanawake wakiwa wameketi sakafuni, bibi mmoja mrefu akajisogeza kwa Kasuba na kikombe cha kinywaji cha munkoyo.

"Unanikumbuka?"

Kasuba akamtazama juu mpaka chini. "Mlingoti wa Mufulira!"

"Ndiye mimi. Nimekutafuta nikushukuru. Alikuwepo kweli, mkono begani mwa kimwana, na asubuhi kaniaga anaenda zamu! Mwezi uleule nikarudi kwetu na cherehani yangu. Nani alikwambia, dada?"

Kasuba angeweza kunyamaza, apokee shukrani. Ulimi ukakataa.

"Hakuna. Mumeo hata simjui. Ilikuwa manuva tu."

Namwinga akamkodolea macho, kisha kicheko kikampasuka, akajiziba mdomo kwa kitenge. Kasuba naye akacheka mpaka machozi, asijue yapi ya kicheko na yapi ya marehemu.

Walipoitwa jikoni kusonga nshima, walikwenda pamoja.

"Na ule wimbo wenu wa kutusuta," Namwinga akanong'ona, "bado naujua."

Akauanza kwa sauti ya chini. Kasuba alikuwa amesahau ubeti wa pili. Namwinga akamfundisha, mwiko mkononi.