Masikio Mazima

Mama Rwekaza, msimamizi wetu, alisema aliniita mara nne. Mara ya tano alinishika bega, nami nikaruka hadi kisu kikanitoka mkononi na kuangukia kwenye maji ya barafu.

"Kashindye! Wewe ni mtu wa namna gani?"

Nilitazama meza. Saa tatu asubuhi alikuwa ametangaza kwamba minofu ya oda mpya ya Ulaya ibaki na ngozi yake. Wenzangu wote walisikia wakageuza kazi. Mimi peke yangu niliendelea kuchuna ngozi za sangara, mmoja baada ya mwingine, kwa makini kabisa, mpaka kreti tatu zikajaa minofu ambayo hakuna aliyeitaka.

Winnie, aliyekuwa anasimama mkabala nami, alifuta pua kwa mgongo wa mkono. "Mama, huyo yuko Ulaya tayari. Amewatangulia samaki."

Meza nzima ikacheka. Na mimi nilicheka kidogo ili nisionekane nina kiburi, na hilo likawa kosa la pili.

Siwezi kusema sikuisikia sauti ya Mama Rwekaza. Ilinifikia. Ilifika pamoja na kompresa ya majokofu inayonguruma nyuma ya ukuta, mabuti yanayofyonza maji sakafuni, visu vya meza zote, bomba la meza ya pili lisilofungwa vizuri, Winnie anayesimulia kitenge cha dada yake, na toroli la barafu lenye gurudumu bovu. Vyote vinaingia pamoja, na vyote vina ukubwa uleule. Nikitaka kushika kimoja, kingine kinanivuta. Nikizidiwa huwa natazama mikono yangu tu na kuiacha ifanye inachokijua.

Nilidhani watu wote wanasikia hivyo, ila wenzangu ni hodari kunishinda. Shule niliiacha darasa la tano. Tulikuwa themanini na zaidi chumbani, na mwalimu alimwambia baba kwamba mimi ni mtoro niliyekaa kwenye dawati. Baba alichoka kuitwa. Nikabaki nyumbani kulima pamba, na shambani hakuna aliyenilalamikia, kwa sababu pamba haimwiti mtu.

Kiwanda cha minofu kipo chini, kando ya ziwa, mbele kidogo ya Mkuyuni. Kilifunguliwa mambo ya soko huria yalipoanza, mwaka uleule shemeji yangu Shimba alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo. Kwa hiyo nyumba ya Mkolani, yenye dada Dorotea, shemeji na watoto wao watatu, ilikuwa inakula kwa kisu changu. Nikifukuzwa, hakuna mwingine wa kwenda kazini.

Mama Rwekaza aliniita ofisini kwake. Ni Mhaya wa Bukoba, aliwahi kuwa mwalimu, na hata sasa akisema na mtu hushika rula.

"Wanunuzi wa Ulaya wanataka kila mfanyakazi awe na faili la afya," alisema. "Tuanze na wewe. Nenda kapime masikio. Kuna kliniki ya binafsi pale Mirongo, kiwanda kinalipa. Jumatatu uniletee barua. Kwa sasa kaa stoo ya maboksi, na Mhoja."

"Sawa, mama."

"Sikiliza. Barua ikisema masikio mabovu, nitakuacha hukohuko stoo moja kwa moja. Kiziwi namjua, ninaye mmoja, na anafanya kazi kuliko ninyi wote. Lakini ikisema mazima, maana yake ulikuwa unanisikia na kunipuuza. Hiyo ni jeuri. Mtu wa jeuri sina meza ya kumweka. Umenisikia?"

"Ndiyo, mama."

"Umenisikia au umeitikia tu?"

Nilisimama pale nikijaribu kutafuta tofauti, mpaka akanionyesha mlango kwa rula.

Stoo ya maboksi ipo nyuma kabisa. Zamani ilikuwa ghala la pamba, na kuta zake ni za mawe, nene kama kitanda kilivyo kipana. Mhoja, mtu mzima wa huko Magu, kiziwi tangu kuzaliwa, alinionyesha kazi bila kupoteza muda. Kunja hapa, kunja hapa, ingiza ulimi wa kadibodi, sukuma, weka. Nikakosea mara moja. Akatikisa kidole. Nikaanza.

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Kulikuwa na boksi, halafu boksi, halafu boksi. Niliposhtuka, ni Mhoja aliyekuwa ananigusa mkono kwa kona ya kadibodi, polepole, kama mtu anavyomwamsha mtoto asiye wake. Alinyoosha kidole nyuma yangu. Maboksi yalikuwa yamefika darini. Chai ya saa nne ilikuwa imenipita, na chakula cha mchana pia. Alikuwa ameniwekea nusu ya kiazi chake.

Mimi ni yuleyule niliyeharibu kreti tatu. Nilikula kile kiazi nikijiuliza nani hasa ameajiriwa hapa.

Ijumaa nilikwenda Mirongo. Daktari aliitwa Josephat, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, binti. Kaa. Tunaambiwa husikii."

Chumba chake kilikuwa na zulia na mapazia mazito, na mlango ulipofungwa kelele za barabarani zilibaki kule kwao. Alinichungulia masikio kwa taa. Aligonga chuma kama uma akakiweka nyuma ya sikio, na mlio wake ukaniingia mpaka kwenye meno. Kisha akasimama nyuma yangu, akasema atanong'ona majina ya samaki nami nirudie.

"Sato."

"Sato."

"Ningu. Furu."

Nikarudia. Akarudi nyuma mpaka mlangoni, akanong'ona tena. Nikarudia.

"Gogogo wa mchuzi na ndizi," nikasema.

Daktari alikuja mbele akanitazama vizuri. "Hilo la mwisho nilikuwa najisemea mwenyewe. Nina njaa."

"Samahani, daktari."

"Samahani ya nini? Masikio haya ningekuomba uniazime." Akaanza kuandika, kwa Kiswahili, akasema ni ili na mimi nijisomee.

Nilikusanya nguvu zote nilizokuwa nazo. "Daktari, sasa kama ni mazima, kwa nini nikiitwa sigeuki? Na kwa nini nikienda kuchota maji narudi na kuni? Na kelele ikizidi nataka kulia?"

"Uliugua degedege utotoni?"

"Hapana."

"Uliangukia kichwa?"

"Hapana."

Alivua miwani. "Binti, mimi ni wa masikio. Kwenye masikio hakuna kitu."

"Je, kuna daktari wa kule sauti zinakokwenda zikitoka masikioni?"

Alicheka. Halafu akaacha kucheka, akatazama dirisha lenye pazia. "Labda Dar es Salaam," alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiyejua.

Niliisoma barua njiani, polepole, kwa kidole, nimesimama kando ya mto ambapo wanawake walikuwa wanasuuza mboga. *Masikio yote mawili ni mazima. Usikivu wake ni mzuri kupita kawaida.* Niliisoma mara mbili. Sijawahi kusifiwa hivyo kwa maandishi, na sifa yenyewe ndiyo ingenifukuzisha kazi.

Nyumbani redio ilikuwa inaunguruma. Shemeji Shimba aliinunua kwa pesa alizopewa alipopunguzwa, redio kaseti ya spika mbili, na kwa vile redio za watu binafsi zilikuwa zimeanza, alitaka kuzisikia zote. Niliingia, na kabla ya kuvua kandambili mkono wangu ukaenda kupunguza sauti.

"Haya, haya!" akasema. "Kiziwi gani huyu anayepunguza redio ya watu?"

Dada Dorotea aliichukua barua akaisoma, akaikunja ndogo sana. "Hii hakuiona mtu."

"Dada, ni ya kiwandani."

"Kashindye, mdogo wangu, nisikilize mimi. Jumatatu utamwambia masikio mabovu, barua imelowa maji ya samaki. Utakaa stoo na huyo bubu wako. Ni nani atakufungua kichwa aangalie?"

"Ataweza kweli?" shemeji akauliza. "Huyu kikombe kikigongwa tu anaruka kama panzi."

"Atajifunza. Siku mbili zipo." Akachukua sufuria na mwiko. "Kaa hapo. Wewe ni kiziwi."

Akagonga. Niliruka. Watoto wakashangilia. Akagonga tena, nikaruka tena. Jumamosi yote na Jumapili baada ya misa watoto walinivizia nyuma ya milango na vifuniko vya masufuria, kwa nia njema, na kila mara niliruka. Jumapili jioni mashavu yaliniuma kwa kuyabana. Nilikuwa sijawahi kushindwa kazi rahisi kama ile: kutofanya chochote.

Jumatatu nilisimama mbele ya Mama Rwekaza. Barua nilikuwa nayo, imekunjwa ndani ya kitambaa cha kichwa, kwa sababu sikuweza kuiacha nyumbani na sikuweza kuitoa.

"Enhe? Daktari kasemaje?"

Niligusa sikio nikatikisa kichwa. Maneno ya dada yalikuwa yamenitoka yote.

"Husikii?"

Nikatikisa tena. Ndipo nikajua nimejibu swali.

Mama Rwekaza alivuta faili, akafungua, akachukua kalamu. Kiwiko chake kikasogea. Rula yake, ambayo ni ya chuma, ikaanguka kwenye sakafu ya saruji.

Niliruka nikagonga goti kwenye meza yake, masikio nimeyaziba kwa mikono miwili, na barua ikanidondoka kutoka kwenye kitambaa ikatua juu ya faili.

Aliisoma. Ilimchukua muda mrefu kuliko barua ilivyokuwa.

"Kumbe mazima," alisema. "Mazima kupita kawaida. Kwa hiyo ni jeuri, na uongo juu yake. Nenda ukavue aproni."

Nilipaswa kwenda. Miguu haikwenda. Mimi si mtu wa kusema, hata kanisani naimba kwa midomo tu, lakini nilifikiria stoo, na watoto na vifuniko vyao, na mdomo ukafunguka.

"Mama, bomba la meza ya pili linadondosha. Saa yako ya mkononi na ile ya ukutani hazipigi pamoja, ya mkononi inakimbia. Kompresa imekata, imerudi. Nje Winnie anasema leo nafukuzwa, na mwingine anasema maskini wa Mungu. Una kokoto kwenye soli ya kulia. Ulipokuwa unasema nikavue aproni ulisogeza mguu, ile kokoto ikakwaruza, na neno aproni nimelipata baadaye."

Aliinua mguu wa kulia akatazama. Aliitoa ile kokoto kwa ncha ya kalamu.

"Na nilipokuita mara nne?"

"Nilisikia mara zote nne. Jina langu lilikuja na vingine vyote. Sikujua ndilo la kuchukua."

"Jina lako mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Sielewi, Kashindye."

"Na mimi sielewi, mama."

Tulinyamaza. Yaani yeye alinyamaza. Kwangu hapakuwa kimya. Alitazama faili langu. Pale penye afya paliandikwa *Kasoro ya mwili*, na mbele yake nafasi ndogo isiyotosha sentensi. Aliweka kalamu, akainua, akaweka tena. Mwisho akaandika neno moja akaligeuza faili nilisome.

*Masikio.*

"Mama, lakini daktari..."

"Sijaandika hayasikii. Nimeandika masikio. Kama yanasikia mpaka kokoto ya kiatu changu, hayo nayo yana kasoro." Akaipasua barua ya daktari katikati, akasita, akavitia vipande vyote viwili ndani ya droo. "Utakaa stoo. Mbele ya meneja wewe ni kama Mhoja. Ukiitwa usigeuke. Hilo unaliweza bila kufundishwa."

Sikujua kama nimesamehewa au nimeadhibiwa. Nilisema asante, na yeye akaokota rula yake.

Tangu siku hiyo nipo stoo, na nyumbani wanakula. Winnie akija kuchukua maboksi husimama mlangoni na mwenzake wakaongea juu yangu bila kushusha sauti. "Msichana mzuri jamani, ila ndiyo hivyo, hasikii hata radi." Nami nakunja, ingiza ulimi, sukuma, weka. Najua sasa mambo ya kiwanda kizima, nani anamtaka nani, nani anaiba barafu, na siwezi kumwambia yeyote.

Mhoja peke yake hakudanganyika. Wiki ya pili toroli liligonga mlango, nikaruka, akaniona. Aliacha boksi lake. Alionyesha sikio langu, kisha akatetemesha vidole hewani: ni nini hicho kinachokurusha?

Nilifikiri nimwonyeshe vipi. Nikamshika mkono nikaupeleka kwenye ukuta wa upande wa kompresa, kiganja kikalala juu ya jiwe. Lilikuwa linatetemeka, kidogo sana. Alifumba macho. Kisha akaitikia kwa kichwa kama anayesema hilo alilijua siku nyingi, na akaniwekea mkono wangu kando ya wake.

Tulikaa hivyo kidogo. Halafu akaonyesha sikio lake, akaonyesha langu, akapandisha mabega kuuliza kwa nini.

Na mimi nikapandisha yangu. Tukarudi kwenye maboksi.