Mlo wa Mchana, Wodi ya Tano

Saa sita na nusu mchana toroli la chakula liliingia wodi ya tano, na mgawaji akaanza kuweka trei juu ya makabati ya wagonjwa kama afanyavyo kila siku: trei, hatua tatu, trei nyingine. Trei zilikuwa ishirini na tatu, na wagonjwa ishirini na watatu, wote wanawake. Alipofika kitanda cha dirishani alimkuta bibi mmoja, mwalimu mstaafu, amelala kwenye mito miwili, na ukingoni mwa kitanda hichohicho ameketi fundi cherehani aliyefariki Jumanne iliyopita.

"Trei imepungua moja," mgawaji alimwambia sista wa zamu.

"Haijapungua. Huyo tulishamtoa kwenye orodha," sista alijibu huku akiandika.

"Basi naye aambiwe."

Kazi ya kumwambia ikamwangukia mwanagenzi wa lishe, kwa kuwa mwanagenzi ndiye huangukiwa na kila kisicho na mwenyewe. Alikuwa katika mwezi wa nne wa mafunzo kazini. Kabla ya hapo alisoma chuo miaka minne, na mjomba wake hakuchoka kuuliza, harusini na msibani, kama kweli mtu anaweza kusomea kula miaka yote hiyo na bado wali ukamuungulia. Wagonjwa walimwita Daktari wa Uji. Alfajiri alikuwa jikoni akikagua vyakula vya wenye kisukari na wenye figo. Saa tatu alipita wodini na mizani. Mchana alikuwa ofisini akijaza fomu. Jioni alivua viatu akiwa bado kwenye ngazi za nyumbani, maana mlango ulikuwa mbali mno.

Ili afuzu, alitakiwa kumfuatilia mgonjwa mmoja na kumwandikia ripoti. Alikuwa amemchagua fundi cherehani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, jina lako halimo tena kwenye orodha ya jikoni."

"Najua. Sikuja kula cha mtu. Nimefuata changu."

"Kipi, mama?"

"Cha siku kumi na tisa. Kililetwa, kikawekwa pale." Alionyesha kabati kwa kidevu. "Halafu kikaondolewa. Mkono huu ulikuwa umekufa kwa kiharusi, na huu mwingine haukufika. Nanyi mkawa mnaandika nimekula."

Mwanagenzi alikwenda kulitafuta faili. Lilikuwa bado kwenye droo. Safu ya milo ilikuwa imejazwa siku zote kumi na tisa, kwa hati za watu mbalimbali: amekula vyote, amekula vyote. Safu ya uzito ilikuwa kwa hati yake mwenyewe, na ilishuka kama mtu anayeteremka kisimani. Uzito ulipopungua, alikuwa ameongeza maziwa kwenye karatasi. Ulipopungua tena, akaongeza yai. Siku ya mwisho karatasi ilikuwa na chakula cha kumtosha mpagazi wa bandarini, na mgonjwa alikuwa na kilo thelathini na nane.

Alirudi, akasimama mbele ya kitanda.

"Mbona hukuniambia? Kila asubuhi nilikuwa hapa."

"Ulimi nao ulikuwa upande uleule," fundi alisema, bila uchungu. "Na wewe ulikuja saa tatu. Saa tatu hakuna chakula."

Mwanagenzi alishuka jikoni akaomba trei tatu. Mpishi aliuliza ni za nani. Alipoambiwa, aliziandika chini ya vyakula maalumu, kwa sababu marehemu hakuwa na safu yake.

Kuanzia siku hiyo fundi alikuja kila mchana, akala trei tatu, za asubuhi, mchana na jioni ya siku moja, kwa mkupuo. Alikula polepole, kwa mkono wa kulia, ambao kifo kilikuwa kimemrudishia. Akimaliza alishukuru, akatoka kupitia mlango wa nyuma unaoelekea chumba cha maiti. Kwa mazoea tu, mwanagenzi alimpima. Mizani ilianzia palepale ilipokuwa imeachia, thelathini na nane, na wiki ya pili ikasoma arobaini na mbili. Alikuwa mgonjwa pekee wodini aliyekuwa akinenepa.

Ndipo mwanagenzi akaacha fomu ofisini na kuanza kushinda wodini saa za chakula. Aliona kwamba wanane kati ya wale ishirini na watatu hawakuweza kujilisha. Watano walikuwa na binti, dada au mkwe aliyekuja na kijiko chake. Watatu hawakuwa na mtu. Bibi mwalimu alikuwa mmojawapo. Mikono yake ilitetemeka hata supu ikaishia shingoni, na alikuwa ameamua heri asiiguse kuliko kuchekwa. Mwanagenzi alivuta kigoda akaanza kuwalisha, mmoja baada ya mwingine, na wa tatu alikuwa akifikiwa supu ikiwa baridi.

Siku ya nne ya kulisha, mkuu wa lishe alimwita. Alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, na alikuwa akila ndizi akiwa amesimama, kwa kuwa kiti kilikuwa na mafaili.

"Wewe si mlishaji," alisema. "Ni mtaalamu. Una wodi sita. Saa sita na nusu nakutaka hapa."

"Mlishaji ni nani, mama?"

"Nafasi hiyo iliondolewa kabla sijaajiriwa. Kila mwaka naandika barua kuiomba." Alitupa ganda. "Mwanangu, mwaka wangu wa kwanza na mimi nilishika kijiko. Usidhani sijui."

Mwanagenzi alirudi kwenye fomu. Mchana alisikia toroli likipita chini ya dirisha la ofisi, akaandika gramu za protini za mtu asiyemwona.

Siku ya ishirini tangu fundi aanze kuja, alipewa ruhusa ya nusu saa akamuage, kwani deni la milo lilikuwa limekwisha jana yake. Alimkuta amekaa kwenye kigoda. Alikuwa amenawa mikono, amepandisha trei ya bibi mwalimu magotini, na alikuwa akipuliza kijiko.

"Fungua," fundi alikuwa akisema. "Taratibu. Mimi sina pa kuwahi."

"Chumvi hamna," bibi mwalimu alilalamika.

"Hata huko nilikotoka hamna. Fungua."

Bibi mwalimu alifungua. Alipomaliza yeye, fundi alihamia kwa yule wa karibu na mlango, kisha kwa yule mwingine.

Kabla wiki haijaisha walikuja wengine wanne. Mmoja alikuwa amefia wodi ya pili, mwenye mguu uliokatwa, akija kwa magongo. Wengine walikuwa wa wodi ya wajawazito. Walipanga foleni kwenye sinki, wakanawa kwa sabuni, wakagawana wodi. Sista aliwatafutia aproni. Uzito wa wagonjwa ukaanza kupanda, na bibi mwalimu akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa amejaa mashavu.

Mganga mkuu alikuja kuangalia. Alisimama dakika tano, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Siku mbili baadaye ukatoka waraka: kwa kuwa huduma ya kulisha wagonjwa sasa inapatikana, maombi ya kuajiri walishaji yamefungwa. Na wauguzi wawili wa zamu ya mchana wakahamishiwa mapokezi.

Fundi alisomewa waraka huo akiwa na kijiko mkononi.

"Waambie wasituzoee," alimwambia mwanagenzi. "Mimi nilikuja kudai. Huku kulisha ni kwamba sikuweza kumtazama yule bibi akikaa na njaa. Na tunachoka, mwanangu. Watu wanasema tumepumzika."

"Nitawaandikia."

Aliandika. Ripoti yake ilikuwa na kurasa kumi na nane, majedwali, na safu mbili za uzito, ya kabla na ya baada. Katika hitimisho aliandika kwamba fundi cherehani alikufa kwa njaa wodini huku chakula chake kikiwa juu ya kabati, na kwamba leo wagonjwa wasio na ndugu wanalishwa na marehemu.

Mkuu wa lishe aliisoma yote, akinyanyua miwani kila ukurasa. Mahali pa njaa aliandika "matatizo ya kiharusi". Mwishoni alikata maneno mawili, "na marehemu", akaacha nukta palepale. Kisha akatia saini na muhuri.

"Umefaulu," alisema. "Vizuri sana, kwa kweli. Jumatatu unaanza kama mwajiriwa. Wodi tisa."

Mwanagenzi alishukuru, akateremka wodi ya tano. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mgonjwa mpya, msusi ambaye mdomo wake ulikuwa umekwenda upande kwa kiharusi. Mgawaji aliweka trei kabatini akapita. Fundi alikuwa tayari ameanza kusogeza kigoda.

"Wamesemaje?" aliuliza.

"Wameshukuru."

"Kushukuru wanajua," fundi alisema, akachovya kijiko.