Tanuru la Pili

Matofali yalitoka tanuruni yakiwa na rangi ya udongo mbichi. Flavian, mchomaji, aliligonga moja kwa nyundo. Halikulia, lilimong'onyoka.

"Kuna mwanamke amesogea hapa moto ukiwaka," alisema.

Hakuna aliyecheka. Mababu wa Kifipa waliyeyusha chuma, na mwanamke hakukaribia tanuru lao. Majembe sasa yalitoka madukani, lakini katazo lilikuwa limehamia kwenye matofali.

Hapo mtaani Chanji, kampuni binafsi, moja ya zile zilizoibuka baada ya mashirika ya umma kufungwa, ilikuwa ikijenga zahanati. Wafadhili walitoa sharti kwamba wanawake nao wafundishwe uashi. Walipatikana wawili: Bertilla, Mfipa wa kijiji cha Msanzi, na Scola, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Kaoze, bondeni, na ng'ombe wao.

"Ni huyu wa kuja," Flavian alisema, akimwelekezea Scola kidevu. "Moto anaoujua ni wa kufukuzia mbu zizini."

"Kaka Flavian, sijakanyaga huko."

Mzee Mathias, msimamizi, alivua kofia, akaivaa tena. "Mimi hayo siyaamini. Lakini vijana wamegoma kujenga. Scola, mwanangu, nenda nyumbani kwanza."

Aliyesogea ni Bertilla. Baridi ya Juni ilikuwa imemkaza vidole, akaenda kuota moto wa tanuru alfajiri moja. Huko aliona pia kwamba kuni zilikuwa mbichi, zisizo na joto la kuivisha tofali: ncha za magogo zilitoa povu.

Scola alipoondoka, Bertilla alipanda tena ukutani. Alishusha timazi, akasubiri uzi utulie. Kona yake ilikuwa imenyooka, na kwa kitambo alijiambia kwamba hilo lilitosha.

Flavian alipita chini yake. "Sasa raha, dada. Tumebaki Wafipa wenyewe."

Alisema kwa wema. Bertilla alilitazama rundo la matofali mabovu, kisha kuni zilizosalia, bado na magome yenye unyevu. Tanuru lijalo likiharibika, hapo kazini atakuwa amebaki mwanamke mmoja tu wa kulaumiwa. Alishuka.

"Mzee, aliyekwenda tanuruni ni mimi. Mrudishe Scola."

Mathias alitazama huku na huku. "Ungekaa kimya, binti yangu."

"Na kuni ni mbichi."

"Kampuni imeshanunua, hakuna nyingine." Alisugua kidevu. "Hamtapanda ukutani, wewe wala yeye, mpaka tanuru la pili lifunguliwe. Matofali yakiiva, nitawaita wote wawili."

Tanuru la pili liliwashwa asubuhi ya baridi kali. Moshi ulitoka mweupe na mzito, ukatambaa juu ya mabati ya Chanji. Mafundi waliacha kazi walipomwona Bertilla akikatiza uwanja. Scola alikuwa amesimama barabarani, khanga kichwani; hakumfuata.

"Rudi, dada," Flavian alisema. "Nakuheshimu. Rudi."

Bertilla aliinama kando ya mdomo wa tanuru. Ncha ya gogo iliyobaki nje ilikuwa ikichemka, povu likidondoka kwenye majivu.

"Hiki ni nini?"

Flavian alitazama. Alitazama kwa muda mrefu kuliko mtu asiyejua anachokiona. Kisha akaweka mguu kwenye lile gogo, akalisukuma ndani mpaka ncha ikapotea.

Bertilla hakuondoka. Alinyoosha mikono yake motoni, mbele yao wote, akaanza kukunjua vidole.