Mwenyekiti wa Damu Yetu

Mjomba wetu alijiita Mwenyekiti, nasi tukamwachia, maana kumnyima mtu cheo kisicho na kazi ni uchoyo tu. Akitukuta mezani, anagonga kikombe kwa kijiko: "Kikao kimefunguliwa!" Hapo ndipo kila mtu huanza kusema kwa wakati mmoja. Familia yetu haijawahi kukubaliana hata rangi ya mapazia. Mimi ni fundi cherehani, nayajua. Niliyashona na kuyafumua mpaka nikasusa.

Faida ya ubishi huo hatukuiona mpaka tulipofikishana mahakamani na kampuni ya dawa.

Chanzo ni damu. Mama alipougua saratani ya matiti, ugonjwa uliokuwa umeshawachukua dada zake, walikuja watafiti wa kampuni hiyo, wenye makoti meupe na maneno matamu. Wakatutoa damu sote, wakubwa kwa wadogo, wakisema wanatafuta dawa. Nani atie sahihi? Mjomba alichomoa kalamu kabla swali halijaisha. Akasaini kwa niaba ya ukoo mzima, na chini yake akaandika "Mwenyekiti".

Mama akafa. Kampuni ikakuta katika damu yetu jeni yenye hitilafu, ile inayorithiwa na kuleta saratani hiyo. Ikaikatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ikawa mali yake. Hospitali yetu ilikuwa na mashine ya kuipima na mtaalamu wa kuiendesha. Kampuni ikaizuia: anayetaka kipimo aende maabara yao ng'ambo, kwa bei ya kuuza nyumba.

Na mdogo wetu wa mwisho, tunayemwita Kitinda, alitaka kujua. Ana watoto wadogo. "Kama ninayo, madaktari waniwahi," alisema. "Kama sina, nami nilale usingizi." Kila nilipomwona akijipapasa kwapani kutafuta uvimbe, kama mama alivyokuwa akifanya, hofu ilinishika na hasira ikanipanda. Damu yake mwenyewe, halafu aombe ruhusa kuijua! Tukafungua kesi.

Wakili wetu, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, alisema kesi ina miguu miwili: jeni haikubuniwa na mtu, na damu ilichukuliwa bila ridhaa yetu. Mguu wa pili ndio uliokuwa ukichechemea. "Watasema mkuu wa ukoo aliridhia," alituonya. "Mzee wenu akikiri kuwa ndiye mkuu, tuko pabaya."

Tukatazamana. Nani angemwambia Mjomba aukane uenyekiti? Nilijaribu mimi, siku namrekebishia suti yake.

"Mjomba, huko ukaseme ukweli tu."

"Ukweli upi?"

"Kwamba hakuna anayekusikiliza."

Akaniangalia, akaondoka na suti yake ikiwa na pini kiunoni. Ulimi wangu huu utaniponza siku moja.

Siku ya kesi, wakili wa kampuni alimpokea kizimbani kwa adabu zote. "Mzee Mwenyekiti," alimwita, na nikaona kifua cha Mjomba kinajaa mpaka vifungo vikataka kung'oka. Pini zangu zilikuwa bado kiunoni. "Ni kweli ulisaini kwa niaba ya ukoo wote?"

"Sahihi ni yangu."

"Na mkuu wa ukoo ni wewe?"

Mjomba alimtazama Kitinda, aliyekaa mbele, mkono kwapani. Nilijua anamwona nani pale. Mama alikuwa dada yake kabla hajawa mama yetu.

"Mheshimiwa Jaji," alisema polepole, "cheo hiki nilijipa mwenyewe. Sikupigiwa kura. Pale nyumbani hata kuku nikiwafukuza, wananitazama kwanza."

Watu wakacheka. Wakili wa kampuni hakucheka. "Mzee anasema hivyo leo kwa sababu inamfaa. Ushahidi uko wapi?"

Mjomba akatugeukia, akajinyoosha, akanguruma kwa sauti ya vikao vyote vya maisha yake: "Familia yangu, simameni!"

Hakusimama mtu.

"Tusimame tufanye nini?" kaka yangu akauliza.

"Mimi magoti yananiuma," mke wa Mjomba akasema, "na wewe unajua."

Binamu mmoja aliinuka nusu, mwenzake akamvuta shati akae, ugomvi ukaanzia hapo. Mimi sijawahi kusimama kwa amri ya Mjomba tangu nizaliwe, nisingeanzia mahakamani. Jaji akagonga meza kututuliza. Hatukutulia.

"Mheshimiwa," Mjomba alisema, "umewaona."

Jaji aliinamia karatasi zake kwa muda, mabega yakimtikisika.

Siku ya hukumu alikuwa hana masihara. Alisema jeni huzaliwa na mtu, haibuniwi maabara. Aliyetangulia kuiona hawezi kumfungia mlango mwenye nayo. Akasema mwili wa mtu mzima hauna mwenyekiti, ridhaa ni ya mwenyewe. Hataza ikafutwa, hospitali ikaruhusiwa kumpima yeyote. Nilipiga kigelegele kabla hajamaliza sentensi. Askari akanitolea macho, nikaongeza cha pili. Kitinda alinikumbatia, nusu anacheka, nusu analia.

Mjomba alikuwa mwisho wa safu, amejikunyata, mtu asiye na cheo. Alipoinuka kutoka, nikasimama. Kaka akasimama. Mke wa Mjomba akasimama, na magoti yake yote. Safu nzima ikasimama.

Mjomba akatuangalia kwa mashaka. "Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote, Mjomba," nilimwambia. "Pita."

Akapita huku machozi yakimtiririka, wala hakuyafuta.

Juma lililofuata tulijazana maabara ya hospitali mpaka viti vikaisha. Tulikuwa tunabishana nani asubiri ndani na nani nje, mtaalamu alipoleta fomu ya ridhaa. Mkono wa Mjomba ukaenda mfukoni wenyewe, ukatoka na kalamu. Kisha akaitazama ile kalamu, akamkabidhi Kitinda.

"Saini mwenyewe, mama."

Kitinda akaandika jina lake lote, akakunja mkono wa blauzi, akaunyoosha juu ya meza.

"Kikao kimefunguliwa," Mjomba akasema kwa sauti ndogo, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo.