Suruali ya Kazi

Mwanamume akishaanza kumshuku mkewe, hata chumvi ikizidi kwenye mboga anaona ni njama. Ndivyo alivyokuwa Pampu. Jina hilo alipewa na wenzake, maana tangu ujana alikuwa akibeba pampu mgongoni, anapiga dawa ya magugu kwenye mashamba ya watu. Na pampu yenyewe ilivuja. Kila siku alirudi suruali imelowa kuanzia kiunoni mpaka mapajani, naye anacheka tu: "Hii inaua magugu, haiui wanaume!"

Miaka mitano ya ndoa, mtoto hakuna. Mama yake alishasema, tena bila kupepesa macho: "Huyo anameza vidonge vya kuzuia mimba kwa siri. Mfungashie virago arudi kwao."

Basi Pampu akaanza uchunguzi. Akapekua mkoba, akapekua chini ya godoro, akaambulia patupu. Ila aligundua jambo moja. Akiivua tu suruali ya kazi, mkewe anaibeba kwa ncha ya kijiti na kutokomea nayo nyuma ya bafu. Haa! Suruali ya mumeo, kijiti cha nini?

Jumamosi mchana akamnyatia, mama yake nyuma yake. Wakamkuta amevaa mifuko ya plastiki mikononi, anaifua suruali ile mbali na nguo nyingine kwenye beseni kuukuu, maji anayamwaga kwenye shimo alilochimba.

"Nilikwambia!" mama akafoka. "Uchawi mchana kweupe!"

"Kumbe ndiwe unayenifunga nisipate mtoto?" Pampu akauliza.

Mkewe hakuinuka. "Nilikwenda kupimwa, mume wangu. Sina kasoro. Muuguzi akauliza kazi yako, nikamweleza, na jinsi pampu inavyovuja. Akasema dawa hupenya nguo, huenda inadhoofisha mbegu zako, uje nawe upimwe. Nimekuomba mara ngapi? Unasema kliniki ni ya wanawake. Nikaona basi, nifue ninachoweza."

"Mmepanga, wewe na huyo muuguzi!" Pampu akamgeukia mama yake amuunge mkono.

Mama alikuwa akilitazama beseni.

"Baba yako," akasema taratibu, "aliianza kazi hii wewe unatambaa. Naye alikuwa akirudi amelowa hivyo hivyo. Baada yako sikushika mimba tena. Bibi yako alinisimanga mpaka anaingia kaburini, eti nimefunga kizazi makusudi."

"Mama, nawe?"

Mama akachuchumaa karibu na mkwewe, machozi yanamtoka. "Nisamehe, mwanangu. Nilitaka kukufukuza kwa kosa lile lile nililosingiziwa mimi." Kisha, bila hata kumtazama mwanawe: "Vaa shati. Mnakwenda kliniki wote wawili."

Pampu aliangalia chini. Hakuwa na wa kumshuku tena, na hilo lilimtisha kuliko uchawi.