Korongo wa Nyakoe

Baridi ya Julai ilikuwa imekaa bondeni tangu alfajiri, na ukungu ulianza kuondoka saa tatu hivi. Zilpa, mwalimu wa hesabu mjini Kisii, alikuwa amesimama kando ya kinamasi cha Nyakoe, fomu mkononi. Alikuja na Lalit, mzee muuza vitambaa aliyemfundisha kuhesabu ndege miaka tisa iliyopita. Walikuwa wakitafuta korongo taji, wale wenye kishungi cha njano kichwani. Kinamasi kikikosa korongo miaka miwili mfululizo, kinafutwa kwenye orodha ya kulindwa. Ombui, mwenye shamba lenye kinamasi hicho, alishanunua miche ya mikaratusi ya kukikausha.

"Wawili," Lalit alisema, akishusha darubini. "Kule kwenye majani marefu. Andika."

Zilpa alitazama. Akatazama tena.

"Mbona huandiki?"

"Mzee, wale ni akina mama wanakata majani ya nepia ya ng'ombe. Wamefunga vitambaa vya njano kichwani."

Lalit aliinua darubini, akaishusha bila kuitumia.

"Huenda niliwauzia mimi," alisema.

Zilpa hakucheka. "Macho yameanza lini?"

"Mwaka juzi. Daktari anasema ni mtoto wa jicho. Binti yangu Kajal anataka nipasuliwe, mimi namwambia angoje." Aliinyoshea fomu kidole. "Andika wawili tu, Zilpa. Nani atakuja kuhakikisha?"

"Hakuna. Ndiyo maana siandiki."

Walingoja hadi saa sita. Zilpa alishuka kuwauliza wale wakata majani. Nyamusi, aliyekuwa mkubwa wao, alisema hajaona korongo tangu mvua za Aprili. Zilpa alirudi, akaandika sifuri, akaisoma kwa sauti.

Fomu ilihitaji sahihi mbili. Lalit aliishika karibu na pua.

"Basi futa na wale korongo wanne niliowataja mwaka jana," alisema. "Macho yalikuwa haya haya."

"Wakifutwa, kinamasi kinatoka kwenye orodha leo."

"Najua. Futa."

"Sifuti. Mwaka jana niliwaona mwenyewe, wewe ukiwa bado unafungua gari. Walikuwa wanne, mmoja kinda."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ulitaja wanne, nami nilikuwa nimeshaandika wanne."

Lalit alifikiri. Kisha akanyoosha mkono wenye kalamu, na Zilpa akauweka juu ya mstari wa sahihi.