Bahasha Mbili za Nyumba Moja

Kila uchaguzi hapa Michigan mimi hufungua bahasha za kura zilizoletwa kwa posta, na kila uchaguzi Verlin Hoekstra, wakala wa chama chake, husimama nyuma ya kiti changu akinipumulia kisogoni. Kugusa kura haruhusiwi. Kusema anaruhusiwa, na husema mpaka masikio yanauma.

Safari hii alishaweka mapingamizi tisa kabla hatujanywa kahawa. Kwenye bahasha ya kumi nikasoma namba ya nje, kisha namba ya kura iliyokuwa ndani. Hazikulingana.

"Pingamizi!" akaruka Verlin. "Si niliwaambia? Wizi mtupu!"

Nikafungua bahasha iliyofuata. Kumbe kura ya huku ilikuwa kule, na ya kule ilikuwa huku. Nikatazama majina.

"Ni mume na mke," nikasema. "Wamechanganya bahasha. Kura zao zinahesabiwa, sheria inaruhusu."

"Wazembe gani hao? Hata bahasha zinawashinda?"

"Arlene Hoekstra," nikamsomea polepole, "na Verlin Hoekstra."

Wanda Nowicki, wakala wa chama cha pili, alicheka mpaka akatafuta kiti. Verlin aliiva kama nyanya.

"Unaondoa pingamizi, mzee?" nikamuuliza.

"Naondoa," akanong'ona. "Ila jamani, Arlene asijue. Alitaka kufunga bahasha yake mwenyewe, nikamnyang'anya. Nikamwambia, lete hapa mama, hii kazi ina wataalamu wake."